Maganda ya Matunda na Mabaki ya Jikoni kwa Mimea ya Bustani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Je, mmea unaweza kutumia ganda la tunda likiwa bichi?

Hapana, isipokuwa kwa sehemu ndogo. Mzizi hauna meno wala tumbo. Hufyonza tu madini yaliyokwisha kuyeyuka katika maji ya udongo, ilhali ganda bichi limefungia sehemu kubwa ya virutubisho vyake ndani ya protini, selulosi na viambata vingine ambavyo mzizi hauna namna ya kuvivunja. Kazi ya kuvunja ni ya bakteria, kuvu na viumbe wadogo wa udongoni, ambao hula ganda kwa manufaa yao wenyewe, kisha kwa kujisaidia, kufa na kuliwa na wenzao huacha naitrojeni, fosforasi na mengineyo katika umbo ambalo mzizi unaweza kulipokea. Anayepeleka maganda bustanini analisha udongo kwanza, na udongo ndio utakaoulisha mmea baadaye. Maswali mengi yaliyo hapa chini yasingeulizwa kabisa kama hatua hiyo ya kuoza isingerukwa mara kwa mara.

Sehemu ndogo niliyoitaja ni potasiamu. Madini haya hayajengwi ndani ya viambata vya mmea. Huelea kama chumvi katika majimaji ya seli, na ganda likikatwa na kulowa hutoka yenyewe bila kungoja uozo.

Basi maji yaliyolowekwa maganda ya ndizi yanafaa?

Yanafaa kwa jambo moja tu, nalo ni hiyo potasiamu. Ganda bichi la ndizi ni maji kwa zaidi ya asilimia 80, na katika kilichobaki potasiamu ni nyingi huku naitrojeni ikiwa haba, kwa hiyo maji hayo hayawezi kuitwa mbolea kamili hata yakiwa meusi kama chai. Mmea ukiwa na upungufu wa naitrojeni, kuuongezea potasiamu hakutausogeza popote. Kanuni hii ni ya zamani: Carl Sprengel wa Ujerumani aliieleza katika miaka ya 1820, na mwenzake Justus von Liebig akaieneza baadaye, kwamba ukuaji wa mmea huamuliwa na kirutubisho kilichopungua kuliko vyote, si kwa jumla ya vilivyopo.

Ukitaka kuyatumia, loweka maganda yaliyokatwakatwa kwa siku moja au mbili, mwagia udongo wenye unyevu, kisha peleka maganda yenyewe kwenye lundo la mboji, yaani mabaki yaliyorundikwa ili yaoze na kurutubisha udongo, kwa kuwa bado yana karibu kila kitu kingine yalichokuwa nacho. Kuyaacha wiki nzima hakuongezi nguvu. Kunaongeza harufu na nzi. Kwa maoni yangu kazi hii haina faida kubwa kuliko kuyaweka maganda kwenye lundo tangu mwanzo, lakini haina madhara.

Nitajuaje mmea wangu unakosa nini?

Anza na majani. Yale ya chini, ya zamani, yakipauka na kuwa manjano yote huku yale ya juu yakibaki ya kijani, shuku naitrojeni, kwa sababu mmea huiondoa katika majani mazee na kuyapelekea machanga. Kingo za majani mazee zikikauka na kuwa za kahawia kana kwamba zimepitiwa na moto, shuku potasiamu. Majani machanga yakiwa manjano huku vishipa vyake vikibaki kijani, mara nyingi ni chuma, na hilo hutokea zaidi katika udongo wenye chokaa nyingi ambamo chuma kipo lakini hakiyeyuki. Kabla ya yote hayo, hata hivyo, ingiza kidole udongoni: mmea uliozamishwa katika maji nao huwa manjano, na hakuna ganda litakaloutibu.

Ni mabaki gani yanayofaa na yapi yasiyofaa?

Yanayofaa ni maganda ya matunda na mboga, mashina, majani yaliyonyauka, majani ya chai, machicha ya kahawa, maganda ya mayai na vyakula vya wanga vilivyopikwa bila mafuta, hivi vya mwisho kwa kiasi kidogo. Vitu vigumu kama kokwa za maembe, mbegu za parachichi na magunzi ya mahindi huoza pia, ila vikiachwa vizima vinaweza kukaa zaidi ya mwaka, hivyo vipasue kwanza au ukubali kuvichekecha na kuvirudisha katika lundo linalofuata.

Nyama, samaki, mifupa, maziwa na mafuta ya kupikia viweke mbali na lundo la kawaida la nyumbani. Si kwamba havina virutubisho. Vinavyo tele, na ndiyo maana panya huvijia usiku. Mafuta yana ubaya wa ziada, kwani hufunika vipande vya mabaki kama koti na kuzuia hewa isiwafikie viumbe wanaoozesha. Chakula chenye chumvi nyingi nacho kiepukwe, pamoja na maji yaliyochemshiwa mboga yakiwa yametiwa chumvi, maana sodiamu huharibu muundo wa udongo na kuusumbua mzizi unapovuta maji. Kinyesi cha mbwa na paka hakina nafasi katika mboji ya bustani ya mboga kwa sababu ya vimelea. Mwisho, bandua vile vibandiko vidogo vilivyo kwenye matunda, kwa kuwa vingi ni vya plastiki; na mifuko ya majani ya chai ichane kwanza, maana baadhi imeshikizwa kwa nyuzi za plastiki zitakazobaki udongoni baada ya chai yenyewe kuisha.

Lundo langu linanuka. Nimekosea wapi?

Karibu kila mara kosa ni moja: mabaki mabichi ni mengi na vitu vikavu ni vichache. Lundo langu la kwanza lilikuwa ndoo yenye mfuniko, niliyoijaza maganda ya tikiti maji na mabaki ya sukumawiki kwa muda wa siku tisa, nikidhani mfuniko ndio usafi. Nilipofungua, chini kulikuwa na maji mazito ya rangi ya zeituni, juu kulikuwa na funza weupe wanaopanda ukutani, na harufu ilikuwa mbili kwa pamoja, moja ya mkojo uliolala na nyingine ya yai viza. Harufu ya kwanza ni amonia, yaani naitrojeni inayotoroka hewani kwa kukosa kaboni ya kushikana nayo. Ya pili ni dalili kwamba hewa imekwisha na bakteria wasiohitaji hewa wameshika kazi. Nilimwaga yote juu ya majani makavu, nikachanachana katoni mbili kuwa vipande vya ukubwa wa kiganja, nikachanganya kwa uma wa bustani na kuliacha lundo wazi chini ya kivuli. Siku ya tatu ilibaki harufu hafifu, na baada ya wiki ilinuka kama msitu.

Wataalamu hupima jambo hili kwa uwiano wa kaboni na naitrojeni. Viumbe wanaoozesha hufanya kazi vizuri zaidi pale ambapo kaboni ni mara 25 hadi 30 ya naitrojeni. Mabaki ya mboga huwa karibu mara 15 hadi 20, majani makavu mara 40 hadi 80, na maranda ya mbao hufika mara mia kadhaa. Huhitaji mizani wala hesabu: kwa kila ndoo ya mabaki ya jikoni weka ndoo mbili au tatu za majani makavu, nyasi kavu au katoni iliyochanwa, na malizia kila mara kwa tabaka kavu juu ili nzi wasione pa kutaga. Unyevu uwe kama wa sponji iliyokamuliwa, yaani ukifinya konzi ya lundo utoke tone moja au mawili, si mchirizi. Lundo lisilonuka lakini pia lisilobadilika kwa wiki nyingi lina kasoro ya upande wa pili, aidha ukavu au wingi wa vitu vikavu. Liongezee maji na mabaki mabichi.

Ni lazima kugeuza lundo?

Si lazima, ila ukitaka haraka utageuza. Lundo linalogeuzwa kila wiki katika hali ya joto huweza kuiva kwa miezi miwili au mitatu, na lililoachwa likae huchukua miezi sita hadi mwaka. Albert Howard, mtaalamu wa kilimo kutoka Uingereza aliyefanya kazi Indore, India, katika miaka ya 1920, aliujengea utaratibu wake wa mboji juu ya mambo haya haya ya matabaka, unyevu na kugeuza, akijifunza mengi kutoka kwa wakulima aliowakuta huko.

Ukubwa nao una maana. Lundo lenye msingi wa karibu mita moja ya mraba na kimo cha mita moja huweza kuhifadhi joto lake na kufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, na nyuzi 55 zikidumu siku tatu huua vijidudu vingi vya magonjwa na mbegu nyingi za magugu. Likivuka nyuzi 70 huanza kuwaua hata wafanyakazi wake. Ndoo ya nyumbani haitafika huko. Itaoza vizuri lakini kwa ubaridi, na kwa hiyo usiitie mimea yenye ugonjwa ukitumaini kwamba itasafika.

Je, ninaweza kufukia mabaki moja kwa moja bustanini?

Unaweza, na kwa mtu mwenye kitanda cha mboga lakini asiye na nafasi ya lundo hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwanza. Chimba mfereji wa kina cha sentimita 30, tandaza mabaki yaliyokatwa yasizidi unene wa sentimita 10, kisha rudishia udongo wote ili juu yake pawe na sentimita 20 au zaidi. Ukifukia juujuu, wanyama watafukua usiku huohuo. Usipande juu ya mfereji mara moja. Wakati uozo uko kileleni, bakteria huvuta hewa na naitrojeni iliyo karibu kwa ajili ya miili yao, na mche uliopandwa hapo hudumaa na kuwa manjano katikati ya utajiri. Ngoja wiki nne hadi nane ikiwa udongo una joto, zaidi ikiwa ni wa baridi, au chimba kati ya mistari ambako mizizi itafika baadaye.

Na kwenye vyungu vya maua?

Usiweke mabaki mabichi kwenye chungu. Udongo wa chungu ni mchache, viumbe wake ni wachache, na hewa yake huisha upesi. Niliwahi kuzika maganda mawili ya ndizi kando ya waridi lililokuwa chunguni. Baada ya wiki tatu, majani yalipoanza kusinyaa, niliung'oa mmea na kukuta maganda yamegeuka kamba nyeusi zenye utelezi, mizizi iliyoyagusa imekuwa ya kahawia, na vijinzi vyeusi vikipaa kila nilipotikisa udongo. Vijinzi hivyo hutaga kwenye udongo wenye unyevu na uozo, na viluwiluwi vyao hula kuvu na vijizizi vichanga. Kwa vyungu tumia mboji iliyoiva, sehemu moja kwa sehemu tatu za udongo.

Kukausha maganda na kuyasaga unga kunasaidia?

Kunasaidia kwa kuhifadhi, kwani unga mkavu haunuki wala hauvutii nzi, na kwa kuwa vipande ni vidogo huoza haraka vikirudi udongoni. Anika juani, kuwasha oveni kwa ajili ya maganda ni kutumia nishati nyingi kuliko thamani ya kinachopatikana. Kumbuka kwamba unga huo bado ni ganda lisilooza, hivyo kijiko kimoja kilichochanganywa na udongo kinatosha, na unga uliorundikwa juu ya udongo wenye unyevu utaota ukungu mweupe ndani ya siku chache. Ukungu huo haudhuru mmea.

Maganda ya mayai yanazuia nyanya kuoza kitako?

Mara nyingi hayazuii. Ganda la yai ni kalisi kaboneti kwa takriban asilimia 95, na ni kweli kwamba kuoza kitako kwa nyanya hutokana na upungufu wa kalisi ndani ya tunda. Lakini kalisi husafiri ndani ya mmea pamoja na maji, na katika udongo mwingi kalisi ipo ya kutosha. Kinachokosekana ni umwagiliaji wa mpangilio, kwa maana mmea uliokauka siku nne kisha ukafurikishwa siku ya tano hushindwa kuifikisha kalisi kwenye tunda linalokua kwa kasi. Weka matandazo, mwagilia kwa kipimo kimoja, na matunda yanayofuata yatakuwa mazima.

Isitoshe, ganda lililovunjwa kwa vidole linaweza kukaa udongoni miaka mingi bila kuyeyuka. Likitwangwa hadi kuwa laini kama unga wa ngano huyeyuka upesi zaidi, hasa katika udongo wenye asidi, ambako pia hupunguza asidi hiyo kama chokaa inavyofanya. Madai kwamba vipande vyake vyenye ncha huwazuia konokono hayashikiki. Konokono huteleza juu yake bila wasiwasi.

Machicha ya kahawa hufanya udongo kuwa na asidi?

Si kwa kiasi kinachosemwa. Sehemu kubwa ya asidi huondoka na kinywaji, na machicha yaliyotumika huwa karibu na hali ya katikati. Yana naitrojeni takriban asilimia 2, kwa hiyo ni mabaki mazuri ya lundo ingawa rangi yake ya kahawia huwadanganya watu kuyahesabu miongoni mwa vitu vikavu. Hatari yake ni mbili: yakitandazwa mazito juu ya udongo hugandamana na kuwa ukoko unaorudisha maji, na yakichanganywa mabichi na udongo wa kuoteshea hudumaza miche. Yasizidi moja ya tano ya lundo.

Maganda ya machungwa na malimau yana sumu kwa mboji?

Hapana. Yana mafuta yenye limonini, ambayo hupunguza mwendo wa vijidudu kwa siku za mwanzo, kisha ukungu wa kijani huyashika na kazi huendelea. Yakate vipande vidogo na usiyatie yote siku moja.

Na nikifuga minyoo sandukuni ili ile mabaki?

Hapo jibu hubadilika, kwa kuwa minyoo ya mboji haipendi machungwa, vitunguu wala pilipili. Mnyoo unaotumika zaidi duniani ni Eisenia fetida, mwekundu, anayeishi kwenye tabaka la juu la majani yanayooza. Yule wa kijivu unayemchimbua shambani hupenda udongo wa chini na hatastawi sandukuni. Huyo mwekundu mtandikie katoni iliyoloweshwa, weka sanduku penye joto la nyuzi 15 hadi 25, mbali na jua, na umlishe kidogo kidogo, ukiongeza tu pale chakula cha awali kinapokaribia kwisha. Maji yanayochuruzika chini ya sanduku yasichukuliwe kuwa dawa. Ni majimaji ya vitu ambavyo havijamaliza kuoza. Yazimue kwa maji mara kumi, mwagia udongo, na kamwe usinyunyizie majani ya mboga zinazoliwa mbichi.

Je, niongeze jivu kwenye lundo?

Kidogo sana, au usiongeze. Jivu la kuni safi lina potasiamu na kalisi, lakini naitrojeni yote ilikwenda na moshi, na ukilinyunyizia juu ya mabaki mabichi huisukuma amonia itoke hewani. Ni afadhali kulitandaza bustanini penyewe, kwa udongo wenye asidi tu. Jivu la mbao zilizopakwa rangi au la plastiki lisiingie kabisa.

Maji yaliyooshewa mchele yanasaidia?

Yana wanga na madini machache. Yatumie siku hiyohiyo kabla hayajachacha, kama maji ya kumwagilia ya kawaida.

Nitajuaje kwamba mboji imeiva?

Iwe nyeusi au ya kahawia iliyokolea, ivunjike mkononi, inuke kama udongo baada ya mvua, na isikuwezeshe kutambua kilichoingia humo isipokuwa maganda ya mayai na kokwa. Lundo lisipate joto tena baada ya kugeuzwa. Ukiwa na shaka, panda mbegu kumi za mboga inayoota haraka ndani ya mboji iliyochanganywa na udongo, na kumi nyingine katika udongo mtupu. Zile za kwanza zikichelewa au kuungua ncha, ipe mboji mwezi mmoja zaidi.

Mboji ya jikoni inaweza kuchukua nafasi ya mbolea ya dukani?

Kwa maua, viungo na mboga za majani za familia ndogo, mara nyingi ndiyo. Kwa mazao yanayokula sana, hapana, au si peke yake. Mboji huwa na naitrojeni kiasi cha asilimia 1 hadi 2 ya uzito mkavu, na hutoa sehemu ndogo tu ya hiyo katika msimu wa kwanza. Tena lundo hupungua kwa zaidi ya nusu ya ujazo wake, jambo linalowashangaza wote wanaoanza. Thamani yake kubwa haimo katika takwimu hizo. Imo katika udongo wa kichanga unaoanza kushika maji na ule wa mfinyanzi unaoanza kupitisha hewa. Tandaza sentimita mbili hadi tano juu ya kitanda kila msimu, bila kuilundika kwenye shina.

Nyanya na maboga yameota yenyewe kwenye mboji. Niyaache?

Nyanya ziache ukipenda, mradi mche hauna madoa ya ugonjwa. Matunda yanaweza yasifanane na yale uliyokula. Kwa maboga, matango na jamii yake kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu mbegu zake huenda zilichavushwa na mmea wa aina nyingine, na mara chache mtoto huzaa tunda lenye uchungu mkali. Onja kipande kidogo kabla ya kupika. Ukisikia uchungu, kiteme na utupe tunda lote, kwa kuwa uchungu huo ni sumu ya kukurubitasini, na moto wa jiko hauiondoi.